Laptopu imeanza visanga baada ya Windows 11? Usikimbilie kufomati

Tangu Microsoft iache kuhudumia Windows 10 mnamo Oktoba 14, 2025, wengi wamehamia Windows 11, wengine kwa hiari, wengine baada ya kuchoka na zile ilani kwenye skrini. Halafu visanga vinaanza. Waifai imepotea. Sauti imekufa. Printa ya saiba haijibu. Ukipeleka mashine kwa fundi, iwe ni Makutano hapa Meru au Embu mjini, kuna jibu moja utalisikia sana: "Wacha tuifomati."

Hapo ndipo unafaa kusema ngoja kwanza. Kufomati kunafuta vitu. Kama projekti yako ya mwaka wa nne iko kwenye hiyo diski na haiko kwingine popote, utakuwa umetibu mafua kwa kukata pua. Shida nyingi za baada ya kuhama hazihitaji dawa kali hivyo. Na kuna jambo wengi hawaambiwi: una siku 10 za kurudi ulikotoka bila kulipa mtu yeyote.

Siku zako kumi

Ukihamia Windows 11, ile ya zamani haitupwi papo hapo. Inawekwa kwenye folda inayoitwa Windows.old. Ndani ya siku 10, fungua "Settings", ingia "System", kisha "Recovery", halafu bonyeza "Go back". Mashine inarudi Windows 10 na faili zako zinabaki. Zinazopotea ni programu ulizoweka baada ya kuhama. Hata hivyo, nakili kazi zako kwenye flashi au Google Drive kabla ya kugusa chochote.

Siku hizo zikipita, folda inafutika yenyewe. Ni kama miraa, ina muda wake, ikikauka imekauka. Ukitaka muda zaidi, tafuta "Command Prompt", ifungue kwa "Run as administrator", kisha andika:

DISM /Online /Set-OSUninstallWindow /Value:60

Hapo unapata hadi siku 60, mradi ufanye hivyo kabla ya zile 10 kuisha. Na mtu akikuambia ufute Windows.old ati upate nafasi, kataa. Ni kweli inakula gigabaiti nyingi, lakini usiache mbachao kwa msala upitao. Futa ukisharidhika kwamba mambo yako sawa.

Imekuwa nzito

Siku ya kwanza na ya pili, uzito ni kawaida. Mashine inapanga faili upya na kuvuta masasisho chinichini. Iache usiku mmoja ikiwa kwenye chaja na intaneti. Kama unatumia bando la simu, ingia kwenye mipangilio ya mtandao uwashe "Metered connection", la sivyo asubuhi utaamka huna hata megabaiti moja.

Ikiendelea kuvuta miguu, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja uone ni programu gani inakula memori. Na kama bado ina diski ile ya zamani inayozunguka, pesa za kufomati heri uziweke akiba ununue SSD. Hiyo ndiyo utaihisi.

Waifai na sauti

Hapa mara nyingi mkosaji ni draiva, ile programu ndogo inayowezesha Windows kuongea na kifaa. Shida ni kwamba unahitaji intaneti kuipata draiva, na intaneti ndiyo haipo. Suluhisho liko mfukoni mwako. Unganisha simu na laptopu kwa waya wa kuchajia, washa "USB tethering" kwenye simu, kisha kwenye laptopu nenda "Windows Update", "Advanced options", "Optional updates". Ukipata draiva hapo, iweke halafu uzime na kuwasha mashine.

Kwa sauti, angalia kwanza kama Windows imechagua spika sahihi. Kama draiva mpya ndiyo imeharibu mambo, fungua "Device Manager", bofya kifaa mara mbili, ingia "Driver" na ujaribu "Roll Back Driver".

Wenye saiba

Kwenu hii ni unga. Mteja aliyekuja kuchapisha barua ya kazi hatakungojea. Printa ikigoma, iondoe kwenye "Settings", chomoa waya, pakua draiva ya Windows 11 kutoka tovuti ya kampuni iliyoitengeneza, ndiyo uchomeke tena.

Kama una mashine tano, hamisha moja tu kwanza. Itumie wiki nzima kuchapisha, kuskani, kuingia eCitizen na iTax. Ikipita mtihani, hamisha zingine. Na tafadhali usifanye hivyo wiki ya mwisho ya Juni, wakati kila mtu anakimbizana na ritani za KRA. Kompyuta ya mezani isiyo na UPS pia ni hatari: stima ikipotea katikati ya kazi, Windows hujaribu kurudi ilikokuwa, lakini si lazima ifaulu.

Skrini inayoitisha nambari 48

Hii ndiyo inayoliza watu. Unawasha mashine, unakuta skrini ya BitLocker ikitaka ufunguo wenye tarakimu 48. Maana yake diski imefungwa kwa siri, na mara nyingi ufunguo umehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft. Ingia aka.ms/myrecoverykey kwa simu uutafute.

Swali ni, akaunti ya nani? Laptopu nyingi za makomredi ni za mtumba, zile za ex-UK, na wengi huwashiwa na kuwekewa kila kitu na muuzaji. Kama aliingia kwa imeili yake, ufunguo wako unaweza kuwa kwake. Ukipotea kabisa, hata Microsoft hawawezi kukufungulia, na projekti imeenda nayo. Kwa hivyo angalia leo, mashine ikiwa bado inawaka. Hakikisha akaunti ni yako, kisha andika ufunguo huo kwenye karatasi.

Kama mashine yako ni mzee

Windows 11 inataka RAM ya 4GB, nafasi ya 64GB, chipu ya usalama ya TPM 2.0, na kwa Intel, karibu zote ziwe za kizazi cha 8 kwenda juu. HP EliteBook 840 G3 ni kizazi cha 6, kwa hivyo haimo. G5 nyingi zimo. Fundi anaweza kuruka ukaguzi huo, na mashine itawaka, lakini Microsoft haikuahidi masasisho yoyote. Ukinunua, uliza kizazi kwanza, bei baadaye.

Kama hiyo G3 ndiyo uliyo nayo, usilazimishe. Unaweza kuisajili kwa masasisho ya ziada ya usalama ya Windows 10 hadi Oktoba 13, 2026. Ni bure ukikubali mipangilio yako ihifadhiwe kwenye akaunti ya Microsoft. Au jaribu Linux Mint, ambayo ni ya bure na inakimbia vizuri kwenye mashine kama hizo.

Na ikibidi uende kwa fundi, nenda. Kuna wale wanaojua kazi. Lakini mwambie mambo matatu kabla hajafungua mashine: ulihama siku gani, ni nini hasa kilikufa, na kwamba hakuna kufomati kabla faili zako hazijatolewa ukiona kwa macho yako.