Msimbo unaomficha mtoto aliyechelewa kusema

Mtoto wa miaka minne asiyeweza kuunganisha maneno mawili akifikishwa hospitali, mama yake hueleza mengi: alianza kutembea lini, nyumbani wanaongea lugha gani, akiitwa jina anageuka au hageuki. Tabibu husikiliza, kisha huandika kwenye jalada herufi moja na tarakimu chache, tuseme F80.9. Maelezo ya mama huishia mle chumbani. Kinachokwenda kwenye bima na kwenye takwimu za afya ni hiyo F80.9, yaani mtoto ana tatizo la ukuaji wa usemi au lugha ambalo halikubainishwa.

Msimbo huu unatoka katika Uainishaji wa Kimataifa wa Magonjwa, ICD, ambao Shirika la Afya Duniani (WHO) linausimamia tangu 1948. Asili yake ni orodha ya sababu za vifo ambayo mtakwimu Mfaransa Jacques Bertillon aliiwasilisha Chicago mwaka 1893. Orodha ya vifo haikuwa na haja na kigugumizi, maana hakuna anayezikwa kwa kigugumizi. Maradhi yasiyoua yaliingizwa rasmi katika toleo la sita, lile la 1948. Toleo la 10 liliidhinishwa mwaka 1990. La 11 liliidhinishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika Januari 1, 2022, lakini nchi hazihami kwa pamoja, na misimbo ya toleo la 10 bado ipo kwenye majalada mengi.

Katika toleo hilo la 10, F80 ni mlango wenye vyumba kadhaa. Mtoto anayesema "tuku" akimaanisha kuku, na "titombe" akimaanisha kikombe, wakati wenzake wa rika lake walishaacha, anaingia F80.0: lugha anayo, sauti ndizo zinazomshinda. Mwingine hutamka vizuri kabisa na kila anachoambiwa anakielewa, ila akiwa na miaka sita bado sentensi zake ni za maneno mawili matatu, "mama enda sokoni". Huyo ni F80.1. Wa tatu ukimwambia, "Chukua kikombe cha bluu kilicho mezani ukampe bibi," anakitazama kikombe na kubaki amesimama. Watu humwita mkaidi. Anaweza kuwa F80.2, mtoto ambaye maneno yanamfikia lakini maana haimfikii. Ipo pia F80.3, ya mtoto aliyekuwa akiongea vizuri kisha akaanza kupoteza lugha pamoja na dalili za kifafa kwenye ubongo. Huyu hapaswi kusubiri hata kidogo, anahitaji daktari wa mishipa ya fahamu.

Watoto hawa wote wanaweza kufikishwa hospitali kwa maneno yaleyale matatu, "mtoto wangu hasemi", na wote wanaweza kuandikiwa F80.9. Kwa hudhurio la kwanza sioni ubaya. Tabibu mwenye dakika chache na foleni nje ya mlango amesema ukweli kwamba hajajua. Ubaya unaanza pale msimbo huo unapobaki vilevile kwenye hudhurio la pili, la tatu na la nne, kana kwamba uchunguzi umekamilika. Mtoto wa F80.0 anahitaji mazoezi ya matamshi, wa F80.2 anahitaji kufundishwa kuelewa na mwalimu wake kuelekezwa namna ya kumpa maagizo, na hakuna anayeweza kupanga tiba hizo mbili kwa kusoma F80.9.

Kuna pia hesabu ya nchi. Hospitali inaomba wataalamu na vifaa kwa kuonyesha wagonjwa ilionao. Wenye matatizo ya usemi wakiangukia kwenye mstari wa "mengineyo", ombi la mtaalamu wa tiba ya usemi na lugha halina cha kuegemea. Wataalamu wenyewe ni haba mno katika kanda yetu. Chuo Kikuu cha Makerere kilianza kuwafundisha mwaka 2008, na kabla ya hapo Afrika Mashariki haikuwa na shahada ya fani hiyo.

Watu wazima nao hufichwa, tena kwa njia nyingine. Mzee akipatwa na kiharusi, jalada huandikwa msimbo wa kiharusi, I63 au I64, na kazi ikaishia hapo. Takriban theluthi ya wanaopata kiharusi hupata pia afasia, hali ya ubongo kushindwa kuyapata maneno au kuyaelewa, ambayo msimbo wake ni R47.0. Mwaka 1861 daktari Mfaransa Paul Broca alieleza habari za mgonjwa aliyeweza kutamka karibu silabi moja tu, "tan", ilhali alielewa aliyoambiwa. Baada ya kifo chake Broca aliukuta ubongo umeharibika sehemu ya mbele upande wa kushoto. Zaidi ya miaka 160 imepita, na bado mzee wa namna hii anaruhusiwa kwenda nyumbani na dawa za presha na mazoezi ya mguu, huku familia ikiamini amerukwa na akili na kuanza kuamua mambo yake bila kumshirikisha. R47.0 ingeandikwa kando ya ule msimbo wa kiharusi, kungekuwa na sababu ya maandishi ya kumpeleka kwa mtu wa kumfundisha kuzungumza upya.

Toleo la 11 limerekebisha mengi. Kigugumizi, ambacho toleo la 10 lilikiweka F98.5 pamoja na matatizo ya tabia na hisia za utotoni, sasa kimo kwenye 6A01.1, miongoni mwa matatizo ya ukuaji wa usemi. Hilo linaendana na sayansi: kigugumizi kinahusu namna ubongo unavyopanga usemi, kinarithika katika baadhi ya familia, na mzazi hakukisababisha kwa kumtisha mtoto. Watoto wapatao asilimia 5 hukipitia, wengi wao hupona, na kati ya watu wazima ni kama asilimia 1.

Toleo hilohilo linataka tofauti za lahaja zisihesabiwe ugonjwa, na hapa wasemaji wa Kiswahili tuwe macho sana. Mtoto wa Lubumbashi au Nairobi anayesema "kitabu yangu" anaongea kama wakubwa zake. Wa Unguja mwenye miaka saba, ambaye kwao wote husema "kitabu changu", akiendelea kuchanganya ngeli siku zote, anastahili kuchunguzwa. Vivyo hivyo mtoto asemaye "lula" badala ya rula: sikiliza kwanza nyumbani kwao wanasemaje. Vipimo vingi vya lugha vilitungwa kwa Kiingereza, na kuvitafsiri tu hakutoshi. Mtoto wa lugha mbili aulizwe kwa zote mbili, kwa sababu tatizo la kweli la lugha hujitokeza katika kila lugha anayoikulia. Akiwa hodari kwa Kisukuma na mzito kwa Kiswahili, kinachompungukia ni kukizoea Kiswahili.

Mzazi ana haki ya kuuliza: "Daktari, umeandika tatizo gani, na hatua inayofuata ni ipi?" Kama jibu ni F80.9, aombe masikio yapimwe kwanza, kabla ya yeyote kukata ngozi iliyo chini ya ulimi wa mtoto. Ulimi uliofungwa una msimbo wake, Q38.1, na mara chache ndio humfanya mtoto asiseme kabisa. Usikivu hafifu ndio unaopitwa kirahisi, kwa kuwa mtoto anaweza kugeuka mlango ukibamizwa na bado asizipate sauti nyembamba kama "s" na "f". Kipimo cha kuanzia hakimhitaji mtoto ajibu chochote: kifaa kidogo huwekwa kwenye tundu la sikio, kikatoa mlio na kusikiliza mwangwi unaorudishwa na sikio la ndani. Hata kichanga wa siku chache hupimwa akiwa amelala. Mwangwi usiporudi, vipimo zaidi hufuata, na vikithibitisha usikivu umepungua, jalada huhamia H90 au H91, na mazungumzo yanakuwa ya kifaa cha kusaidia kusikia, lugha ya alama na shule.