Taa mchana: lita tatu za dizeli kati ya Dar es Salaam na Kigali

Lori lenye tela linatoka Dar es Salaam alfajiri na mzigo wa Kigali. Jua likishachomoza dereva anazima taa. Mbele ya Chalinze anakutana na mwenzake anayetoka bara, ambaye taa zake bado zinawaka. Anampigia fulu mara mbili kumkumbusha. Mwenzake anaelewa, anazima, anashukuru kwa mkono.

Ni uungwana ambao madereva wa barabara hii wamelelewa nao. Anayewasha taa mchana huchukuliwa kuwa amesahau, na kila mtu njiani humkumbusha: wenye magari kwa fulu, waendesha bodaboda na wapita njia kwa kufumba na kufumbua vidole.

Hata hivyo, mwenye gari akikaa na kalamu, atagundua kwamba katika mkutano ule wa Chalinze aliyezima ndiye aliyepoteza.

Sababu zinazotajwa za kuzima taa mchana kwa kawaida ni mbili, mafuta na balbu. Zote ni za kweli. Swali ni kiasi gani.

Taa kubwa za mbele za lori la volti 24, zikiwa za balbu za kawaida na mwanga umeshushwa, hula takriban wati 70 kila moja. Ukiongeza taa ndogo za mbele, za nyuma na zile za ubavuni mwa tela, jumla inakaribia wati 250. Umeme huo hautoki hewani. Altaneta huutengeneza kwa kuzungushwa na injini, na njiani karibu nusu ya nguvu hupotea, hivyo injini hutoa kama wati 500. Injini nayo hugeuza takriban asilimia 40 tu ya nguvu iliyomo kwenye dizeli kuwa kazi. Lita moja ya dizeli ina nguvu ya takriban kilowati 10 kwa saa. Hesabu yote ikifungwa, taa zinakula kama moja ya nane ya lita kwa kila saa ya safari.

Kutoka Dar es Salaam hadi Kigali ni takriban kilomita 1,500. Kwa mwendo wa wastani wa kilomita 50 kwa saa, hizo ni saa 30 za kuendesha, na tuseme 24 kati yake ni za mchana. Gharama ya taa ni lita tatu. Lori lenye mzigo linalotumia lita 40 kwa kilomita 100 litachoma lita 600 katika safari hiyo hiyo, kwa hiyo taa ni nusu ya asilimia moja.

Kwa kulinganisha, injini ya lori iliyoachwa ikiunguruma kwenye foleni ya mizani inakula lita mbili hadi tatu kwa saa. Dereva anayezima taa ili kuokoa mafuta, kisha akaacha injini inawaka saa nzima akisubiri zamu, amerudisha akiba yote ya safari.

Balbu ndiyo gharama inayoonekana zaidi. Balbu ya kawaida huishi mamia ya saa, si maelfu, na ikiwashwa mchana na usiku muda wake wa kuungua utafika mapema, pengine katika nusu ya siku ilizozoea kudumu. Taa za LED zinakula umeme mdogo zaidi na zinadumu kwa maelfu ya saa, lakini bei yake ya kwanza ni kubwa, na zile za bandia zilizojaa madukani hazifikii ahadi iliyoandikwa kwenye boksi.

Mita 375

Faida ya taa inapatikana pale ambapo pesa nyingi zaidi hupotea: kulipita gari jingine kwenye barabara ya njia mbili.

Chukua basi la mita 12 linalokwenda kilomita 80 kwa saa, ambao ndio mwendo wa juu kwa magari makubwa nje ya miji nchini Tanzania. Mbele yake kuna lori la mita 18 linalojikongoja kwa kilomita 50. Basi likianza kutoka mita 20 nyuma ya lori na kurudi upande wake mita 20 mbele, linapaswa kulizidi lori kwa mita 70. Kwa tofauti ya kilomita 30 kwa saa, kazi hiyo inachukua sekunde nane na kitu.

Katika sekunde hizo basi lenyewe limekwenda karibu mita 187. Gari linalokuja upande wa pili, nalo likiwa kwenye 80, limekuja mita 187. Maana yake ni kwamba dereva wa basi anapoamua kutoka, gari linalokuja linatakiwa liwe zaidi ya mita 375 mbele yake, sawa na viwanja vitatu na nusu vya mpira, na hapo hakuna hata mita moja ya akiba.

Kwa umbali huo lori la rangi ya kijivu, lililopakwa vumbi la siku mbili, juu ya lami inayotoa mazigazi ya joto, ni doa tu. Jicho linaweza kulikosa. Au linaliona, lakini linashindwa kujua kama limesimama au linakuja. Katika barabara zetu ambako lori bovu hulala njiani na matawi ya miti nyuma yake, hilo si swali dogo. Taa mbili zinazowaka hulijibu mara moja: kuna gari, na linatembea.

Lipo jambo jingine ambalo halizungumzwi sana, nalo ni mwelekeo wa jua. Barabara ya ukanda wa kati kutoka Dar es Salaam kupitia Morogoro na Dodoma kwenda Singida na Nzega kwa sehemu kubwa inaelekea magharibi. Asubuhi, dereva anayekwenda bara ana jua mgongoni. Anaona kila kitu vizuri, na kwa sababu hiyo hudhani naye anaonekana vizuri. Lakini anayekuja kutoka bara ana jua usoni, na kioo chake cha mbele kikiwa na vumbi kinageuka ukuta mweupe. Kwake lori linalotoka pwani ni kivuli ndani ya mng'ao. Jioni mambo hugeuka. Katika saa hizo dereva mwenye jua mgongoni ndiye anayehitaji zaidi kuwasha taa, na ndiye asiyeona sababu ya kuziwasha.

Ukungu wa asubuhi wa Limuru na wa Kabale hauhitaji maelezo. Huko madereva huwasha bila kuambiwa.

Walioanza

Jambo hili lilianza katika nchi za kaskazini ya Ulaya, ambako jua la majira ya baridi hukaa chini. Finland ilianza kwa barabara za nje ya miji wakati wa baridi mwaka 1972. Sweden ikalifanya sheria ya mwaka mzima mwaka 1977, miaka kumi baada ya kuhamisha magari yake kutoka kushoto kwenda kulia. Canada ilichagua njia tofauti: badala ya kumwamrisha dereva, iliwaamrisha watengenezaji, na magari mapya yaliyotoka kiwandani kuanzia Desemba 1989 yanawasha taa yenyewe. Umoja wa Ulaya ulifuata njia hiyo Februari 2011 kwa aina mpya za magari madogo, na Agosti 2012 kwa malori na mabasi. Ndiyo maana malori ya karibuni kutoka Ulaya huja na taa za mchana, wakati magari mengi ya Japani ya miaka ya 1990 na 2000 yaliyojaa katika barabara zetu hayana.

Matokeo? Mtafiti wa Norway, Rune Elvik, alikusanya tafiti za nchi mbalimbali mwaka 1996 na kuona kwamba gari linalotumia taa mchana hupunguza ajali za mchana zinazohusisha zaidi ya chombo kimoja kwa asilimia 10 hadi 15. Marekani haikushawishika. Uchambuzi wa idara yake ya usalama barabarani mwaka 2008 haukupata punguzo la jumla lililo dhahiri kitakwimu. Sehemu ya tofauti hiyo inaelezwa na jua lenyewe: karibu na ikweta mwanga ni mkali na giza huingia haraka, kwa hiyo takwimu za Norway haziwezi kuhamishiwa Dodoma kama zilivyo.

Austria nayo ilianzisha amri hiyo mwaka 2005 na kuifuta Januari 2008. Hoja mojawapo ya wapinzani ilikuwa kwamba gari lenye taa humfunika mtu wa pikipiki, baiskeli au miguu aliye karibu yake. Kwa nchi zilizojaa bodaboda hoja hiyo si ya kupuuzwa. Jibu lake la kawaida ni kwamba bodaboda naye awashe, lakini mwenye baiskeli na mkungu wa ndizi hana cha kuwasha.

Katika Afrika Mashariki suala hili limebaki kwa kiasi kikubwa mikononi mwa dereva na tajiri wake. Hapo linagongana na kitu ambacho Sweden haikuwa nacho, yaani lugha ya taa. Fulu moja hapa ina maana nyingi: askari wako mbele, nakupisha, usinijie, taa zako zinawaka. Taa kubwa na hazadi mchana humaanisha msafara wa mkubwa, harusi au msiba. Dereva wa Kenya na wa Tanzania wanaweza kukutana Namanga, kila mmoja akasoma fulu ya mwenzake kinyume, mmoja akidhani amepishwa kumbe ameonywa.

Kwa hiyo mwanga wa mchana unaofaa ni ule ulioshushwa, unaowaka wakati wote, usiobadilika. Fulu ya kudumu haimsaidii mtu. Inamkera anayekuja, na inaficha indiketa za lori lenyewe, ambazo ndizo anazozitafuta aliye mbele ili ajue linakata wapi.

Rusumo na upande wa kulia

Kwa wanaovuka mpaka kuna kasoro nyingine. Taa kubwa ikishushwa haimwagi mwanga sawa pande zote. Imeundwa ipandishe mwanga kidogo upande wa ukingo wa barabara, dereva aone watembea kwa miguu na alama, na iukate upande wa gari linalokuja. Taa za gari la Tanzania, Kenya, Uganda au Zambia hupandisha kushoto.

Ukivuka Rusumo kuingia Rwanda, Kabanga kuingia Burundi, Gatuna kutoka Uganda, au Kasumbalesa kuingia Congo, unahamia kulia. Ule mwanga uliokuwa ukimulika majani sasa unaingia moja kwa moja machoni mwa anayekuja. Lori lililonunuliwa likiwa limetumika katika bara la Ulaya, lenye usukani kushoto, lina tatizo hilo hilo likiwa Morogoro. Mchana si kitu, jua linaushinda mwanga huo. Ni saa 12 jioni na kuendelea ndipo dereva anayeacha taa zikiwaka kama zilivyokuwa mchana anapoanza kupofusha wengine bila kujua. Magari ya Uingereza yanayovuka kwenda Ufaransa hubandikwa kipande cha plastiki juu ya taa kuziba sehemu hiyo. Hapa kwetu utepe mweusi wa fundi umeme, ukibandikwa mahali sahihi, unafanya kazi ile ile kwa taa za kioo. Kwa taa za plastiki joto la balbu linaweza kuuyeyusha.

Msafirishaji anayepima kama lita tatu ni nyingi anaweza kuangalia pia bima yake. Kadi ya njano ya COMESA inalipa madai ya watu wa nje pale lori linaposababisha ajali nchi ya jirani. Haigusi lori lenyewe wala mzigo. Kontena likilala bondeni Ngara, dhamana ya forodha bado iko wazi, kampuni ya meli bado inahesabu siku za kontena lake, na mteja wa Kigali bado anapiga simu.

Tatizo linalobaki ni betri. Dereva aliyezoea kuwasha mchana atasahau kuzima siku moja, azime injini kwenye foleni ya mpaka, aende kula, na akirudi gari haliwaki. Malori yenye taa za mchana za kiwandani hayana shida hiyo kwa sababu huzimika na injini. Kwa lori la zamani, fundi umeme anaweza kupitisha waya wa taa hizo kwenye rilei inayofuata swichi ya ufunguo. Akiwa hapo hapo, azipangue taa na kusafisha vioo ndani, kwani vumbi lililoingia huzuia mwanga hata balbu ikiwa mpya.