Mbwa Mwoga na Safari Yake ya Kwanza ya Ndege

Kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam ni takriban kilomita 560 kwa barabara, na ndege huzimaliza kwa muda wa saa moja hivi. Mei 2024, kimbunga Hidaya na mvua zake zilipoipiga pwani ya kusini, barabara ya Lindi ilikatika eneo la Somanga na magari yakakwama pande zote mbili. Katika siku za namna hiyo mwenye mbwa mdogo aliye Shangani au Mikindani, Mtwara, pengine kahamishwa kikazi, huanza kuifikiria ndege. Basi nalo si mbadala mzuri hata barabara ikiwa nzima, kwa kuwa kondakta atakayekubali mbwa huenda akamtia kwenye buti pamoja na magunia ya korosho, na humo hakuna hewa. Kwa hiyo ndege ina hoja. Kinachobaki ni mbwa mwenyewe, hasa yule anayejificha chini ya kitanda radi ikipiga.

Mwenye mbwa wa aina hiyo humwazia yuko angani, gizani, akitetemeka kwa mngurumo wa injini. Vipimo vinaonyesha kwingine. Mwaka 2002 jarida la madaktari wa mifugo la Canada lilichapisha utafiti wa Renée Bergeron na wenzake, waliowasafirisha mbwa 24 wa aina ya beagle kwa gari na kwa ndege huku wakifuatilia mapigo ya moyo, homoni za msongo na mwenendo wao. Safari iliwachosha, hilo halikufichika. Lakini moyo ulikwenda mbio kuliko wakati mwingine wowote walipokuwa wakipakiwa na kupakuliwa, na kwa zaidi ya nusu ya muda mbwa walikuwa wamejilaza. Maana yake ni kwamba kinachomtia hofu zaidi mbwa kiko ardhini: sanduku asilolijua, mikono ya watu asiowajua, na dakika za kusubiri kwenye joto. Mambo hayo yote unaweza kuyafanyia kazi ukiwa nyumbani kwako.

Anza na kizimba. Kanuni za kusafirisha wanyama hai za IATA, chama cha kimataifa cha mashirika ya ndege, ambazo mashirika mengi huzifuata, zinataka mbwa aweze kusimama bila kichwa kugusa dari, kugeuka, na kulala kwa kujinyoosha. Mpime akiwa amesimama. Chukua urefu kutoka ncha ya pua hadi shina la mkia, ongeza nusu ya urefu wa mguu wa mbele kutoka ardhini hadi kiwiko: huo ndio urefu wa ndani wa kizimba. Upana ni mara mbili ya upana wa mabega. Kimo hupimwa hadi juu ya kichwa au ncha ya sikio, lolote lililo juu zaidi, na utandiko uongezwe hapo. Kwa hiyo mbwa wa sentimita 40, mwenye kiwiko kilicho sentimita 14 juu ya ardhi na mabega ya sentimita 13, anahitaji kizimba chenye urefu wa sentimita 47 na upana wa 26 kwa ndani. Kwa mbwa wa pua bapa kama Pug, Pekingese na Shih Tzu, ongeza asilimia 10 kila upande. Usinunue kikubwa kupita kiasi ukidhani unamfanyia hisani. Ndege ikiyumba, mbwa mdogo ndani ya kizimba kipana hurushwa huku na huku.

Kizimba kikishafika, kiweke sebuleni, mlango wazi, na usimwambie mbwa lolote. Mbwa mwoga akisukumwa ndani siku ya kwanza atakumbuka kusukumwa. Mwekee chakula karibu na mlango, kesho kizingitini, keshokutwa ndani kabisa. Akianza kuingia mwenyewe, funga mlango kwa sekunde chache akiwa anakula, ufungue kabla hajamaliza. Ongeza muda taratibu: dakika moja, tano, nusu saa, kisha usingizi mzima wa mchana. Kipimo chako kiwe chakula. Mbwa anayekula ametulia kiasi cha kujifunza. Anayekataa kipande cha nyama anachokipenda, huku akilamba midomo, akipiga miayo bila usingizi na kufyata mkia, anakuambia umekwenda haraka, na dawa yake ni kurudi hatua mbili nyuma. Wengine hulimaliza somo hili kwa wiki tatu, wengine kwa miezi miwili. Mwenye tiketi ya Jumamosi ijayo ameshachelewa.

Baada ya hapo kizimba kianze kutembea. Kiinue kidogo, ukishushe. Kizungushe nyumba. Kipandishe kwenye bajaji hadi mtaa wa Ligula na kurudi, kwa sababu mtikisiko wa bajaji kwenye matuta mara nyingi ni mkali kuliko ule atakaoupata ndani ya ndege akiwa angani. Mbwa husikia sauti nyembamba za hadi hezi 45,000 hivi, wakati binadamu huishia karibu na 20,000. Mlio wa injini unaokuchosha wewe una sehemu nyingine ambazo wewe huzisikii kabisa. Rekodi sauti hiyo kwa simu, umpigie wakati wa kula, kwanza kwa chini sana. Kisha, siku ambayo kuna ndege, mpeleke mahali panaporuhusiwa karibu na uwanja aisikie kwa mbali. Kati ya ndege zinazotumika kwenye safari za Mtwara imo Dash 8-Q400 ya propela mbili, ambayo mvumo wake ni mzito, na ni heri akutane nao akiwa mikononi mwako.

Wanaotilia shaka kwamba mnyama mdogo anaweza kuzoezwa namna hii wawatazame panya buku wa Morogoro. Shirika la APOPO, lenye makao katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, huwazoesha wakiwa wachanga sauti, harufu na mikono ya watu kabla ya kuwafundisha kunusa mabomu ya ardhini. Magawa, aliyezaliwa Tanzania mwaka 2013, alisafirishwa hadi Cambodia, akafanya kazi huko kwa miaka, na mwaka 2020 shirika la PDSA la Uingereza likamtunuku nishani ya dhahabu. Panya huyo alikuwa na uzito wa kilo moja na ushee tu.

Kuna jambo la pwani yetu ambalo miongozo ya Ulaya hailigusi. Mtwara ni mji wa Waislamu wengi, na kwa madhehebu ya Shafii mate ya mbwa ni najisi. Aliyeguswa nayo ana wajibu wa kuosha mara saba, mojawapo kwa udongo. Mpakiaji anayesita kukishika kizimba chako hana chuki na mnyama. Ana sala ya adhuhuri mbele yake. Mrahisishie: kizimba chenye sakafu ngumu isiyovuja, kilichokauka nje, chenye mshikio imara juu, na matundu madogo kiasi kwamba pua na ulimi havitoki. Ndani tandika magazeti, juu yake taulo au kanga kuukuu uliyoilalia siku mbili tatu, ili ibebe harufu yako na kunyonya mkojo. Bandika kila upande karatasi yenye maneno MNYAMA HAI na mshale wa kuonyesha upande wa juu, jina la mbwa na namba yako ya simu. Kizimba kisichomtia mtu wasiwasi hubebwa polepole, na kubebwa polepole ndiko mbwa wako anakokuhitaji kuliko kitu kingine chochote siku hiyo.

Sasa joto, ambalo kwangu ndilo hatari kubwa kuliko hofu yenyewe. Mbwa hana jasho la maana isipokuwa kwenye nyayo. Hujipoza kwa kuhema, maji yakikauka kwenye ulimi na njia ya hewa. Hewa ikiwa imejaa unyevu, kama ilivyo huku kaskazi ikivuma kati ya Novemba na Machi, maji hayo hayakauki upesi, naye huhema zaidi bila kupoa. Mbwa mwenye hofu tayari anahema. Joto la kawaida la mwili wake ni nyuzi 38.3 hadi 39.2, na likipita 41 viungo vya ndani huanza kuharibika. Mashirika kadhaa ya Marekani hukataa kupakia wanyama joto la nje likizidi nyuzi 29. Kwa kipimo hicho mchana wa Mtwara mwezi Desemba ungefungwa kabisa. Ukiweza kuchagua, safiri kati ya Juni na Agosti, wakati wa kusi, kwa ndege ya asubuhi. Ukilazimika kusafiri wakati wa joto, muulize wakala wa mizigo kizimba kitasubiri wapi na kwa muda gani, na usikubali jibu la "pale nje". Bakuli la maji lifungwe kwenye mlango na maji yagandishwe usiku uliotangulia; barafu haimwagiki wakati wa kubeba, nayo huyeyuka atakapohitaji kunywa. Mpe chakula kidogo saa nne hadi sita kabla ya safari, si baadaye.

Muulize pia huyo wakala maswali mawili kabla hujalipa. Je, sehemu ya mizigo ya ndege hiyo ina hewa yenye mgandamizo na joto sawa na la abiria? Na rubani atajulishwa kwamba kuna mnyama hai? Ndege ndogo za injini moja zinazoruka chini hazina mgandamizo huo, na kwenye ndege kubwa rubani ndiye anayehakikisha hewa inafika nyuma. Kama ni shirika linaloruhusu mbwa kukaa na mwenyewe chini ya kiti, pata ruhusa hiyo kwa maandishi.

Wengi huomba dawa ya usingizi. Jibu langu ni hapana, na si kwa ukali tu. Acepromazine, iliyozoeleka kwa miaka mingi, hushusha shinikizo la damu, huvuruga uwezo wa mwili kudhibiti joto, na humnyima mbwa nguvu ya kujisawazisha. Zaidi ya hayo hutuliza misuli huku hofu ikiweza kubaki kichwani. Katika utafiti ule wa Canada, beagle waliopewa dawa hiyo hawakutofautiana na wenzao katika chochote kilichopimwa. Chama cha madaktari wa mifugo cha Marekani nacho hakipendekezi kumlaza mbwa kwa dawa kwa ajili ya ndege, na shirika la ndege linaweza kumkataa mnyama anayeyumba kaunta. Zipo dawa za kupunguza wasiwasi, kama gabapentini na trazodoni, ambazo daktari anaweza kuziamua kwa mbwa fulani. Hizo hujaribiwa nyumbani kwanza, siku ya kawaida, chini ya macho yako. Piriton ya kabatini usimpe kwa kubahatisha dozi.

Makaratasi nayapitia haraka kwa sababu ofisi ziko karibu nawe. Lindi na Mtwara zilikuwemo katika mradi wa kutokomeza kichaa cha mbwa ulioanza 2010 kusini-mashariki mwa Tanzania, uliosimamiwa na WHO kwa fedha za Bill & Melinda Gates Foundation, hivyo kadi ya chanjo si kitu kigeni kwa wengi huku. Mchanje mapema, angalau siku 21 kabla ya safari kama ni mara yake ya kwanza. Kibali cha kumsafirisha mnyama nje ya wilaya hutolewa na daktari wa mifugo wa serikali chini ya Sheria ya Magonjwa ya Mifugo ya 2003, naye ndiye atakayeandika cheti cha afya. Anayevuka Ruvuma kwa Kilambo kuelekea Msumbiji naye asidhani mto unamwondolea kibali.

Wenye safari ndefu, wakiwemo wafanyakazi wa gesi ya Mnazi Bay wanaorudi kwao Ulaya na mbwa wa Msimbati, wahesabu miezi. Umoja wa Ulaya unataka chipu chini ya ngozi, chanjo baada ya chipu, damu kupimwa siku 30 au zaidi baada ya chanjo katika maabara inayotambuliwa, kiwango cha kinga kifike uniti 0.5 kwa mililita, kisha kusubiri miezi 3 tangu damu ilipotolewa. Marekani tangu Agosti 2024 haipokei mbwa aliye chini ya miezi 6.

Wako mbwa ambao hawafai kuruka, wakafanyiwa mazoezi au la: mzee mwenye moyo dhaifu, mjamzito aliyekaribia kuzaa, mwenye pua bapa wakati wa joto, na yule anayeng'ata nyavu za mlango hadi fizi kutoka damu. Kama wiki ya mwisho bado mbwa wako anakataa kula ndani ya kizimba kilichofungwa, ahirisha safari yake, au mwache kwa mtu anayemfahamu na wewe uende peke yako.