Rubani mwenye leseni: kwa nini anarudi kwa mwalimu?

Wakaaji wengi wa Baraka na Fizi, wakiona ndege ndogo inapita juu ya ziwa, wanawaza kwamba rubani alikwisha maliza masomo zamani. Sivyo. Leseni ni mlango wa kuingia tu.

Leseni ya rubani binafsi inamruhusu mtu kuendesha ndege bila kulipwa. Kwa kawaida sheria inadai angalau saa 40 hivi za kuruka. Ni chache, na mkono usiotumika unasahau.

Ndiyo maana, huko Marekani, rubani huyo lazima arudi kwa mwalimu kila miezi 24: saa moja ya maelezo chini, saa moja hewani. Tena haruhusiwi kubeba abiria kama hakuruka na kutua mara tatu katika siku 90 zilizopita. Ulaya pia wanafuata kanuni hiyo ya siku 90.

Anarudilia nini? Kutua kama moteri imezimika. Kutua wakati upepo unasukuma kutoka pembeni. Kuokoa ndege iliyopunguza mwendo mpaka hewa haiibebi tena. Na kutoka ndani ya wingu: humo mwili unadanganya, mtu anasikia yuko sawa kumbe ndege imeinama. Lazima aamini vyombo vilivyo mbele yake.

Kwetu mambo hayo si ya vitabu tu. Ziwa Tanganyika liko kwenye mita 770 hivi, lakini milima ya Itombwe inapita mita 3.000. Wingu likishuka, mlima unafichika. Na kwenye joto na mwinuko hewa ni nyepesi: ndege yenye mzigo uleule inahitaji kiwanja kirefu zaidi.

Hata marubani wa kazi hawako nje ya hatari hiyo. Tarehe 1 Septemba 2008, ndege ya Air Serv iliyokuwa inakwenda kutua Kavumu, karibu na Bukavu, iligonga mlima wakati wa hali mbaya ya hewa. Watu 17 walikufa.

Kwa hiyo, rubani akisema leo haruki, au mifuko miwili ibaki chini, tusimsukume, hata kama dawa au mgonjwa anangoja. Kujua kukataa, hilo nalo ni somo alilofundishwa.