Je, Wajua? Khadija Bajaber, Mwandishi wa Mombasa

Wewe wa Timbwani unayevuka feri ya Likoni kila asubuhi, ng'ambo ya pili ni mji wa mwandishi aliyewashinda wengi.

Je, wajua kuwa mwaka 2018 Khadija Abdalla Bajaber ndiye aliyekuwa mshindi wa kwanza wa Tuzo ya Afrika ya Graywolf Press, wachapishaji wa Minneapolis, Marekani? Alishinda kwa mswada tu. Kitabu kilikuwa bado hakijachapwa.

Je, wajua kuwa tuzo hiyo ilitafuta riwaya ya kwanza ya mwandishi anayeishi Afrika? Aliyeuchagua mswada wake ni mwandishi wa Nigeria, A. Igoni Barrett.

Je, wajua kuwa riwaya hiyo, *The House of Rust*, ilitoka Oktoba 2021? Mwezi huohuo Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, alitangazwa mshindi wa Nobel ya Fasihi. Pwani yetu ilipata heri mbili kwa mpigo.

Je, wajua inahusu nini? Aisha, msichana wa Kihadhrami wa Mombasa, babake mvuvi anapotelea baharini. Anamfuata kwa chombo cha mifupa, pamoja na paka anayesema, na kupambana na majitu ya bahari, la mwisho likiwa Baba wa Papa, yaani baba wa papa wote.

Je, wajua kuwa akirudi salama kinamngoja kishindo kingine? Nyanya yake ataka aolewe. Moyo wake wataka safari.

Je, wajua kuwa Khadija mwenyewe ana asili ya Hadhramaut, na kazi zake zimewahi kutokea katika majarida ya Nairobi kama Enkare Review na Down River Road?

Je, wajua kuwa mwaka 2022 riwaya hiyo ilinyakua Tuzo ya Ursula K. Le Guin, iliyokuwa ikitolewa kwa mara ya kwanza? Zawadi ilikuwa dola 25,000, na miongoni mwa waamuzi alikuwamo mwandishi Mwingereza David Mitchell.

Hadithi za majini, paka na papa tulizosimuliwa na nyanya zetu zina thamani popote duniani. Walimu wa Likoni, kitafuteni kitabu hiki kwa ajili ya maktaba zenu. Nanyi vijana wa Timbwani, kaeni na wazee, sikilizeni, kisha mwandike.