Nani Aisomaye Kanuni? Kamati za Wataalamu na Biashara ya Maziwa ya Watoto

Kanuni ikiisha kuandikwa, kazi kubwa huwa bado. Watu wawili waweza kuusoma mstari mmoja, kila mmoja akiamini kwamba ameuelewa, nao wakaondoka na maana mbili zisizopatana. Mahakamani hakimu ndiye aamuaye. Lakini ziko kanuni nyingi zisizotungwa na bunge wala kusimamiwa na polisi: ni kanuni ambazo wafanyabiashara hujiwekea wenyewe, au huahidi kuzifuata kwa hiari, ili matangazo na mauzo yao yasimdanganye wala kumdhuru mnunuzi. Huko kazi ya hakimu hufanywa na kamati ya watu wenye ujuzi, kama vile madaktari, wanasheria, walimu wa vyuo vikuu na viongozi wa dini. Makala haya yaeleza jinsi kamati hizo zifasirivyo kanuni, kwa kuufuata mfano mmoja ambao ndani yake maneno machache yaligusa uhai wa watoto wachanga.

Kanuni za hiari

Chama cha Kimataifa cha Wafanyabiashara, chenye makao yake Paris, kilitoa kanuni zake za kwanza za matangazo mwaka 1937. Msingi wake ulikuwa kwamba tangazo liwe halali, lenye adabu na la kweli. Wafanyabiashara walikuwa na sababu mbili za kujifunga hivyo. Kwanza, mwongo mmoja sokoni huwaharibia jina wauzaji wote. Pili, waliona ni heri wajirekebishe wenyewe kuliko kungoja serikali iwatungie sheria kali.

Kanuni za namna hii zina faida. Hubadilishwa kwa haraka kuliko sheria, na mlalamikaji hahitaji wakili. Udhaifu wake ni kwamba huandikwa kwa maneno mapana. Ni rahisi watu wote kukubaliana kwamba tangazo "lisipotoshe". Ugumu huanza pale tangazo fulani linapowekwa mezani na mtu akauliza kama hilo nalo linapotosha.

Kopo la maziwa na mwili wa mama

Katika miaka ya 1960 na 1970, madaktari waliofanya kazi katika nchi maskini waliona watoto wengi waliodhoofika na kuharisha baada ya kulishwa maziwa ya unga kwa chupa. Daktari Derrick Jelliffe, aliyewahi kufundisha udaktari wa watoto katika Chuo Kikuu cha Makerere, Kampala, alisema kwamba biashara yenyewe ilikuwa ikichangia utapiamlo. Maziwa yale hayakuwa sumu. Hatari ilitokana na hali ya nyumba yalimotumika. Maji yasiyochemshwa huingiza vijidudu ndani ya chupa. Familia yenye fedha chache huongeza maji ili kopo lidumu, na mtoto hushiba bila kulishwa. Aidha hukosa kinga ya magonjwa ambayo maziwa ya mama humpa.

Jambo jingine la kibiolojia ndilo kiini cha ubishi wote uliofuata. Maziwa ya mama hutengenezwa kadiri mtoto anyonyavyo. Kunyonya huupelekea ubongo wa mama habari, nao hutoa homoni iitwayo prolaktini, ambayo huamsha titi litengeneze maziwa. Mtoto akipewa chupa tangu siku za kwanza, hunyonya kidogo. Akinyonya kidogo, maziwa hupungua. Kopo moja la bure lililotolewa katika wodi ya wazazi laweza kumalizika baada ya siku chache, na wakati huo maziwa ya mama yamekwisha kupungua. Kuanzia hapo mama analazimika kununua.

Mwaka 1975 baadhi ya watengenezaji waliunda umoja wao wa kimataifa na kutoa kanuni zao za maadili. Wakosoaji walizipinga kwa kuwa zilikuwa dhaifu, na kwa kuwa walioziandika ndio waliozifasiri. Tarehe 4 Julai 1977 kampeni ya kususia bidhaa za Nestlé, kampuni ya Uswisi, ilianza Marekani. Hatimaye, mwezi Mei 1981, Mkutano Mkuu wa Shirika la Afya Duniani ulipitisha Kanuni za Kimataifa za Uuzaji wa Vyakula Mbadala vya Maziwa ya Mama, kwa kura 118 dhidi ya moja tu, ambayo ilikuwa ya Marekani. Kanuni hizo si mkataba. Ni mapendekezo kwa serikali, lakini zinasema wazi kwamba kampuni zina wajibu wa kuchunguza mwenendo wao wenyewe hata pale ambapo serikali haijachukua hatua.

Tume ya mwaka 1982

Mwaka 1982 Nestlé iliahidi kuzifuata Kanuni hizo, ikaunda tume ya kuikagua. Mwenyekiti wake alikuwa Edmund Muskie, aliyewahi kuwa seneta na Waziri wa Mambo ya Nchi za Nje wa Marekani. Tume ilipokea malalamiko, ikaitaka kampuni ijieleze, na ikatoa taarifa zake hadharani. Gharama zake zililipwa na kampuni ile ile iliyokuwa ikikaguliwa.

Kamati iliyokabidhiwa kazi kama hiyo huwa na maswali matatu mbele yake.

Swali la kwanza ni maana ya neno. Kanuni za 1981 zinatofautisha "sampuli" na "ugavi". Sampuli ni kiasi kidogo cha bidhaa kinachotolewa bure, na mama hapaswi kupewa. Ugavi ni kiasi cha kutumika kwa muda mrefu, kinachotolewa bure au kwa bei ya chini kwa ajili ya huduma za jamii, nao kwa maandishi ya 1981 uliweza kutolewa kwa taasisi. Sasa chukulia kwamba hospitali imepokea katoni mia moja, na kila mama aondokapo hupewa kopo moja. Katoni zile zilipoingia langoni zilikuwa ugavi. Kopo lile lilipotoka mkononi mwa mama lilikuwa sampuli. Kamati itazamayo langoni itasema kanuni imefuatwa. Kamati itazamayo mkono wa mama itasema imevunjwa.

Swali la pili ni shabaha ya kanuni. Kanuni zinakataza lebo yenye picha ya mtoto, au picha na maneno yanayoweza kuifanya bidhaa ionekane bora mno. Je, picha ya mtoto wa dubu akilala kwa furaha inakatazwa? Kwa herufi, dubu si mtoto. Lakini mtu akiuliza picha hukatazwa kwa nini, atajibiwa kwamba ni ili mama asishawishike kwa sura ya afya na furaha. Mama asiyejua kusoma huisoma picha kabla ya yote. Kwa hiyo kamati ifuatayo shabaha itamtazama dubu kwa jicho la mnunuzi, na kuuliza yeye ataelewa nini.

Swali la tatu ni ushahidi. Malalamiko hutoka mbali: picha, kopo, barua ya muuguzi. Kamati isiyo na wapelelezi hutegemea maelezo ya mlalamikaji na majibu ya kampuni. Ikidai ushahidi wa kiwango cha mahakama ya jinai, malalamiko mengi yatakufa. Ikikubali kila neno, itamwonea mshtakiwa. Kiwango inachokichagua nacho ni sehemu ya ufasiri.

Watoto "wanaolazimika kulishwa"

Mgogoro mkubwa kuliko yote ulihusu ibara ya 6.6. Ibara hiyo iliruhusu msaada wa maziwa kwa taasisi, kwa sharti kwamba yatumiwe kwa watoto "wanaolazimika kulishwa" vyakula mbadala tu. Nani analazimika? Ukilisoma neno hilo kwa upana, ni kila mtoto ambaye mama yake hakunyonyesha, kwa sababu yoyote. Ukilisoma kwa ufinyu, ni yule tu ambaye hana njia nyingine kwa sababu za afya au hali ya maisha, kama vile aliyefiwa na mama, au mwenye kasoro ya kuzaliwa inayouzuia mwili wake kuitumia sukari ya maziwa. Kwa maana ya kwanza, hospitali nzima yaweza kujaa makopo. Kwa maana ya pili, makopo machache yatosha.

Mwezi Januari 1984 ususiaji ulisimamishwa baada ya kampuni na wapinzani wake kukubaliana juu ya mambo manne, na ugavi wa hospitali ulikuwa mojawapo. Hata hivyo neno lenyewe lilibaki bila mpaka. Ndipo Shirika la Afya Duniani na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Watoto yalipowakutanisha wataalamu Geneva, mwezi Desemba 1985. Wataalamu hao hawakubishana juu ya sarufi. Walichunguza hali ambazo kwazo mtoto huhitaji kweli maziwa mbadala, na ikadhihirika kwamba katika wodi za wazazi watoto wa namna hiyo ni wachache. Mwaka 1986 Mkutano Mkuu wa Shirika ukaamua kwamba kiasi kidogo kinachohitajika kinunuliwe na hospitali kwa njia zake za kawaida, kisitoke kwenye msaada wa bure. Mwaka 1994 ulikataza misaada hiyo katika sehemu yoyote ya huduma za afya.

Uamuzi wa 1986 haukumaliza ugomvi. Mwezi Oktoba 1988 ususiaji ulianza tena, na sababu kubwa ilikuwa ugavi wa bure. Tume ya Muskie ilivunjwa mwaka 1991.

Mafunzo na mipaka

Mfano huu wafundisha mambo matatu. La kwanza, ujuzi wa kisayansi huweza kuondoa utata ambao kamusi haiwezi: swali la "nani analazimika" lilijibiwa na elimu ya lishe na uzazi. La pili, kamati huaminiwa kwa kadiri ya uhuru wake. Yule anayelipa, anayeteua wajumbe na anayeamua kama taarifa itachapishwa, anazo nguvu juu ya maana ya maneno, hata kama wajumbe ni waadilifu. La tatu, kamati ya hiari hufikia ukomo pale mkosaji anapokataa kusikia.

Ukomo huo ndio uliozifanya nchi nyingi kuzigeuza Kanuni kuwa sheria. Tanzania ilitunga kanuni zake za kitaifa mwaka 1994 na kuzitoa upya mwaka 2013. Kenya ilipitisha sheria yake mwaka 2012, na kwa sheria hiyo iliundwa kamati ya kitaifa ya ulishaji wa watoto. Kufikia mwaka 2022, nchi 144 kati ya 194 wanachama wa Shirika la Afya Duniani zilikuwa na sheria zinazotekeleza Kanuni, angalau kwa sehemu. Kazi ya ufasiri haikuisha kwa hilo. Waandishi wa 1981 hawakuwazia simu ya mkononi inayompelekea mama mjamzito ushauri wa bure wenye jina la kampuni pembeni. Kanuni zinakataza wauzaji kuwasiliana na mama moja kwa moja au kwa njia ya kuzunguka. Ni juu ya wasomaji wa leo kuamua kama ujumbe huo ni mawasiliano ya namna hiyo.

Mwalimu aweza kulijaribu jambo hili darasani. Wanafunzi walete lebo ya bidhaa yoyote ya chakula, wajigawe kuwa kamati mbili, na zote zipewe kanuni moja: "Lebo isiifanye bidhaa ionekane bora kuliko ilivyo." Kamati moja isome herufi, nyingine isome shabaha. Kila moja iandike uamuzi wake pamoja na sababu zake, kisha wanafunzi wajiulize ni uamuzi upi ungemkinga mtu asiyejua kusoma.