RAUTA YA NYUMBANI NI MALI YA NANI? UFAFANUZI WA MASHARTI YA MKATABA WA INTANETI

Huduma ya intaneti ya nyumbani sasa inatumiwa na watumishi wengi wa Serikali na wakaazi wa Unguja na Pemba kwa ajili ya kazi, masomo na mawasiliano na jamaa walio mbali. Pamoja na huduma hiyo huletwa nyumbani rauta, yaani kile kisanduku chenye taa ndogo ndogo kinachopokea intaneti na kuigawa kwa simu na kompyuta za watu wa nyumba. Fundi hukifunga ukutani, mteja hutia saini fomu, na kila mmoja hushika njia yake. Suala la umiliki haliulizwi siku hiyo. Huibuka siku ambapo kifaa kimeungua, kimeibiwa, au mteja amehama na kudaiwa kitu alichodhani kuwa ni chake.

Makala haya yanafafanua mambo matatu ambayo wananchi wengi huyachanganya: nani mwenye mali, nani mwenye wajibu wa kuitunza, na nani mwenye mamlaka ya kuiendesha. Mambo haya matatu yanaweza kuwa mikononi mwa watu tofauti, na ni mkataba ndio unaoyagawa.

1. Namna ambazo rauta huingia nyumbani

Kwa kawaida kuna namna nne.

(a) Azima. Mtoa huduma hukikabidhi kifaa bila ya malipo kwa muda wote wa huduma. Hii ndiyo namna inayowapoteza watu wengi, kwa sababu tangazo husema "rauta ya bure", ilhali mkataba husema kifaa kitabaki kuwa mali ya kampuni. Kilicho bure hapo ni matumizi tu.

(b) Kukodi. Mteja hulipa kodi ya kifaa kila mwezi, ama kwa kutajwa peke yake au kwa kuchanganywa na ada ya huduma. Hata akilipa kwa miaka mitano, kodi haigeuki kuwa bei ya ununuzi isipokuwa mkataba umesema hivyo.

(c) Kununua kwa awamu. Aghalabu umiliki huhamia kwa mteja baada ya kulipa awamu ya mwisho. Akikatiza huduma kabla ya hapo, hutakiwa amalize deni au arejeshe kifaa.

(d) Kununua kwa mara moja. Hapa kifaa ni cha mteja tangu siku ya kwanza, na hasara yake ni yake pia. Kinachobaki kwa muuzaji ni waranti ya muda uliotajwa.

Ni muhimu kutofautisha bei ya kifaa na fedha za dhamana. Dhamana hurejeshwa pale kifaa kinaporudi kikiwa kizima, bei hairudi. Stakabadhi iliyoandikwa "malipo ya rauta" bila ya maelezo zaidi haisemi ni lipi kati ya mawili hayo, na mteja ana haki ya kutaka liandikwe waziwazi.

2. Sheria inavyoitazama mali ya mtu mwengine

Sheria za mikataba za Zanzibar na za Tanzania Bara zina asili moja, nayo ni Sheria ya Mikataba ya India ya mwaka 1872. Sheria hiyo ilitunga kanuni juu ya mali inayokabidhiwa mtu kwa shughuli maalum, kisha irejeshwe shughuli ikimalizika. Rauta ya azima au ya kukodi inaingia moja kwa moja katika kanuni hizo.

Kanuni ya kwanza ni ya uangalizi. Aliyekabidhiwa anatakiwa aitunze mali kama mtu mwenye busara ya kawaida anavyoitunza mali yake mwenyewe ya aina hiyo. Akifanya hivyo, halipi kwa kupotea au kuharibika kwake, isipokuwa kama mkataba umeweka sharti jengine. Maneno haya ya mwisho ndiyo yenye uzito, kwani mikataba mingi huweka sharti hilo jengine, kwa mfano kwamba mteja atalipa thamani ya kifaa kwa sababu yoyote ile ya kupotea. Asiyesoma kifungu hicho hujikuta amejitwika mzigo ambao sheria yenyewe haikumtwika.

Kanuni ya pili ni ya matumizi. Anayeitumia mali kinyume na masharti aliyopewa hubeba hasara itakayotokea, hata kama ilitokea kwa ajali. Sheria ya mwaka 1872 yenyewe ilitoa mfano wa mtu aliyekodi farasi mjini Calcutta kwa safari ya kwenda Benares, kisha akampanda kuelekea Cuttack. Farasi akianguka njiani, mkodishaji analipwa. Rauta iliyofungwa nyumba moja, kisha ikachukuliwa bila ya ruhusa kwenda kutumika dukani, iko katika hali ya farasi huyo.

Kanuni ya tatu inamhusu mtoaji. Anayeazima anapaswa kutaja kasoro anazozijua. Anayekodisha anawajibika kwa madhara ya kasoro za kifaa hata kama hakuzijua. Kwa hivyo anayelipa kodi ya rauta ana hoja yenye nguvu zaidi ya kudai kifaa kizima kuliko aliyeazimwa.

3. Umeme, unyevu na wizi

Katika visiwa vyetu chanzo kikubwa cha ugomvi ni umeme. Umeme unapokatika na kurudi, nguvu yake huweza kupanda ghafla na kuunguza adapta au rauta yenyewe. Mteja husema hakuigusa. Kampuni husema iliungua ndani ya nyumba yake. Jawabu hutegemea mambo mawili: kama mkataba umetaja hitilafu ya umeme, na kama mteja alichukua hadhari ya kawaida. Kutumia adapta iliyokuja na kifaa, kuchomoa umeme unapokatika, na kuweka kilinda umeme ni hadhari za mtu mwenye busara. Kutumia adapta ya kifaa chengine yenye volti tofauti ni uzembe, na atakayefanya hivyo hatakuwa na la kujitetea.

Vivyo hivyo, hewa ya bahari yenye chumvi huozesha sehemu za chuma za vifaa, na mvua ya masika huingia kwenye madirisha. Rauta iwekwe mahali pakavu penye kupitisha hewa. Waya wa mkonga usikunjwe kwa nguvu, kwani ndani yake mna uzi wa kioo. Mara nyingi waya wa nje hadi kwenye kifaa cha mwanzo ni wa kampuni, na nyaya za ndani baada ya hapo ni za mteja. Mpaka huo uandikwe.

Ikiwa kifaa kimeibiwa, mteja atoe taarifa Polisi na kwa mtoa huduma bila ya kuchelewa, na ahifadhi nakala ya taarifa hiyo. Anayekaa kimya kwa miezi miwili hujidhoofishia hoja yake.

4. Kuhama, kufariki na kurejesha

Tuchukue mfano wa mwalimu aliyehamishwa kutoka skuli ya Unguja kwenda Pemba. Aliacha kulipa ada ya huduma, na rauta akaiacha ukutani kwa imani kuwa mpangaji ajaye ataitumia. Huduma ilisita, lakini mkataba haukuvunjwa na kifaa hakikurejeshwa. Miezi kadhaa baadaye anadaiwa thamani ya rauta, naye hajui hata iko kwa nani.

Sheria haiko upande wake. Muda wa kukabidhiwa ukimalizika, mali hurejeshwa bila ya kungoja kudaiwa. Akichelewa kwa kosa lake, tangu siku hiyo anabeba hasara yoyote itakayoipata, hata ile isiyotokana na uzembe. Kwa maneno mengine, moto au wizi ambao jana ungekuwa wa kampuni leo ni wake. Kuacha kulipa si kuvunja mkataba. Mteja aandike barua ya kusitisha huduma, arejeshe kifaa pamoja na adapta na nyaya zake, na apewe hati ya mapokezi yenye tarehe na namba ya utambulisho wa kifaa. Hati hiyo aihifadhi hata baada ya hesabu kufungwa.

Wenye nyumba nao wajihadhari. Rauta iliyoachwa na mpangaji si sehemu ya nyumba, na kumkabidhi mpangaji mpya ni kugawa mali ya mtu mwengine. Halikadhalika kwa familia zilizofiwa: azima ya bure humalizika kwa kufariki kwa aliyeazimwa, na rauta ya namna hiyo haihesabiwi katika mirathi. Warithi waijuulishe kampuni, wairejeshe au waandikiwe mkataba kwa jina jipya, ili deni lisiendelee kukua kwa jina la marehemu.

5. Kuleta rauta yako mwenyewe

Baadhi ya wananchi huletewa rauta na jamaa walioko ng'ambo. Hapa kuna mambo mawili. Kwanza, vifaa vya mawasiliano vinavyotumika nchini vinapaswa kuwa vya aina iliyoidhinishwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA). Pili, hata kifaa kilichoidhinishwa hakitafanya kazi iwapo mtoa huduma hatatoa maelezo ya kukiunganisha. Ni vyema kuuliza kabla ya kununua.

Nchi nyengine zimeliweka jambo hili katika sheria. Nchini Ujerumani, tangu tarehe 1 Agosti 2016, mteja ana haki ya kuchagua rauta yake na mtoa huduma analazimika kumpa maelezo ya kuunganisha. Nchini Marekani, sheria iliyopitishwa Desemba 2019 imewakataza watoa huduma kumtoza mteja kodi ya kifaa ambacho amekileta mwenyewe. Mifano hii haitumiki kama sheria kwetu, lakini inaonesha kuwa swali la mteja ni la haki na linaweza kupatiwa jawabu.

6. Nani anayeiendesha

Rauta ni kompyuta ndogo yenye programu ndani yake, na programu huhitaji kusahihishwa mara kwa mara. Mwishoni mwa Novemba 2016 wateja wapatao 900,000 wa kampuni moja kubwa ya simu nchini Ujerumani walikatikiwa na huduma baada ya rauta zao kushambuliwa kupitia mtandao. Kampuni ilitoa programu mpya kwa ajili ya rauta hizo. Kwa hivyo mkataba useme nani ana wajibu wa kusahihisha programu. Kifaa kikiwa cha kampuni, wajibu huo unaifaa kampuni. Kikiwa cha mteja, aghalabu ni wa mteja.

Kwa vyovyote vile, neno la siri ni jukumu la mwenye nyumba. Neno lililokuja na kifaa libadilishwe siku ile ile, na lisigawiwe mtaa mzima. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inatumika Tanzania Bara na Zanzibar, na uchunguzi wa kosa lililofanywa kupitia rauta yako huenda ukaanzia kwa jina lililo kwenye mkataba.

7. Vifaa vya ofisi vilivyoko majumbani

Mtumishi aliyepewa rauta na ofisi yake kwa kazi za nyumbani akumbuke kuwa yeye si mteja wala mmiliki. Mkataba ni wa ofisi. Kifaa kiingizwe katika daftari la vifaa, kitiwe saini wakati wa kukabidhiwa, na kirejeshwe anapohamishwa au anapostaafu. Maafisa Utumishi wakiweke miongoni mwa vitu vya kukaguliwa kabla ya mtumishi kuondoka.

8. Maswali ya kuuliza kabla ya kutia saini

(a) Rauta ni ya azima, ya kukodi au ya kununua, na imeandikwa hivyo wapi?
(b) Fedha nilizotoa ni bei au ni dhamana, na dhamana itarejeshwa lini?
(c) Ikiungua kwa umeme au ikiibiwa, nani analipa, na kwa thamani ya kifaa kipya au kilichochakaa?
(d) Ikiharibika yenyewe, itabadilishwa baada ya siku ngapi, na ada ya siku hizo inahesabiwaje?
(e) Nikihama au nikisitisha huduma, nairejesha wapi na kwa hati gani?

Jawabu la mdomo la wakala wa mauzo halitoshi. Liandikwe kwenye fomu, na mteja abaki na nakala.

9. Pale panapotokea mgogoro

Malalamiko yapelekwe kwanza kwa mtoa huduma kwa maandishi, yakiambatanishwa na nakala ya mkataba, stakabadhi na namba ya kifaa. Yasipotatuliwa, mwananchi anaweza kuyafikisha TCRA, na anaweza kupata ushauri kwa Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano. Kwa masuala ya matangazo yenye kupotosha, kama vile kuita "ya bure" kitu ambacho baadaye kinatozwa, ipo pia Tume ya Ushindani Halali wa Biashara Zanzibar, chini ya sheria ya mwaka 2018 ya ushindani na kumlinda mtumiaji.

Wananchi wenye rauta majumbani wanashauriwa wautafute mkataba wao sasa, wakati kifaa kingali kizima na hakuna anayedai, wausome kifungu cha umiliki, na waandike pembeni namba iliyo chini ya kifaa. Asiye na nakala aiombe kwa mtoa huduma wake.